Anajionyesha au anafundisha?

Januari iliyopita nilikwenda nyumbani Mwamapalala nikiwa na video tatu za yoga kwenye simu. Nilizipakua Dar es Salaam kabla ya kupanda basi, maana najua mtandao wa kule: bando linaisha huku unakitazama kile kiduara kikizunguka. Hazikuwa zangu. Zilikuwa za mama, ambaye miaka arobaini ya palizi ya pamba imemwachia kiuno kinachogoma kila asubuhi. Hospitali walimpima wakasema mfupa ni mzima, misuli ndiyo imekaza, afanye mazoezi mepesi nyumbani. Mazoezi gani? Hapo hawakusema.

(Kwa msiopajua: Mwamapalala leo iko Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Kabla ya 2012 ilikuwa Bariadi, ndani ya Shinyanga, na mama ukimuuliza kwao mpaka leo atakwambia Bariadi.)

Nilianza na video niliyoipenda zaidi. Dada mmoja yuko ufukweni, jua linazama, mguu wake umefika nyuma ya kisogo. Mama aliitazama dakika nne hivi, amekaa kwenye kigoda, hajatikisika hata kidogo. Kisha akauliza, "Huyu anajionyesha au anafundisha?"

Nilicheka, lakini swali halikuniacha. Niliporudi mjini nikaanza kusoma, na nikagundua kuwa swali la mama lina umri mkubwa kuliko YouTube.

Yoga kama fikra na ibada ni ya kale sana kule India. Lakini hii tunayoiona kwenye simu, ya kusimama, kuinama na kuunganisha mkao mmoja na mwingine, kwa sehemu kubwa ni ya juzijuzi. Mtafiti Mark Singleton, katika kitabu chake Yoga Body cha 2010, ameeleza jinsi mwanzoni mwa karne ya 20 ilivyochanganyika na mazoezi ya viungo kutoka Ulaya. Miaka ya 1930 mwalimu T. Krishnamacharya alifundisha katika kasri la Mysore kwa ufadhili wa maharaja. Sehemu ya kazi yake ilikuwa maonyesho ya hadhara: watu waje, washangae, waipende yoga. Mwaka 1938 akapigwa filamu, yeye na mwanafunzi wake kijana, B.K.S. Iyengar. Filamu ile haina sauti. Nimeiangalia mara kadhaa. Miili inapinda kama mpira, unabaki mdomo wazi, na ukimaliza hujui hata uanze na mguu upi.

Yule dada wa ufukweni ni mjukuu wa filamu ile. Anaongea, ndiyo, ila maneno yake hayakubebi. Bila kumtazama umepotea.

Ajabu ni kwamba kijana yule wa kwenye filamu ndiye aliyekuja kwenda njia nyingine. Iyengar, aliyezaliwa 1918, alikuwa mgonjwa-mgonjwa tangu utotoni, na aliianza yoga akiwa dhaifu. Baadaye akajulikana kwa kutumia viti, mikanda, kamba na blanketi, ili hata mwili usiokunjika upate pa kuanzia. Kitabu chake Light on Yoga cha 1966 kina mamia ya picha zake, lakini chini ya mikao kuna maelezo ya hatua kwa hatua: weka mguu hapa, vuta pumzi, geuka. Picha inashangaza, neno linafundisha.

Televisheni ikafuata. Marekani, Richard Hittleman alikuwa na kipindi cha yoga tangu 1961, na miaka ya 1970 Lilias Folan akawa mwalimu wa sebuleni kwa watu ambao hakuwahi kukutana nao. Mwaka 1982 mkanda wa mazoezi wa Jane Fonda, ambao si wa yoga, ulionyesha kuwa mwalimu anaweza kununuliwa dukani na kuwekwa kabatini. Sisi huku, Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, ila bara tulisubiri mpaka 1994. Tulichokuwa nacho ni banda la video. Na kwenye banda, mfalme hakuwa Rambo. Alikuwa mtu kama Lufufu, aliyeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili mpaka ikawa yetu.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Chagua video ya yoga kwa sikio kwanza. Ifungue, kisha fumba macho. Kama unaweza kufuata dakika tano bila kutazama, huyo ni mwalimu. Hili si suala la ladha tu: ukiwa umeinama halafu unapinda shingo kutafuta skrini, umejitafutia maumivu mapya. Pili, angalia kama anatoa njia ya asiyeweza: kiti, mto, ukuta. Tatu, sikiliza kama anakupa muda wa kupumua au anakimbizana na muziki wake.

Wasukuma hatuna haja ya kufundishwa hili. Katika bugobogobo, ngoma yetu ya jembe, majembe hupanda na kushuka pamoja. Mlimaji ameinama, macho yako ardhini, na kinachomwongoza ni ngoma na wimbo.

Mwezi wa sita nikarudi na video moja. Mwalimu ni mama wa makamo, nguo za kawaida, kiti cha mbao pembeni. Shida ikabaki lugha. Basi nikazima sauti, nikakaa kwenye mkeka, nikageuka Lufufu wa Kisukuma.

Nilidhani itakuwa rahisi. Lugha ninayogombania kila siku kwenye magazeti na vitabu ilinikwama kwenye mgongo wa mama yangu. Nilipofika kwenye ule mkao wa ng'ombe, wa kupiga magoti na mikono chini, kifua mbele, kichwa juu, mama akasimama papo hapo. "Ng'ombe gani huyo? Labda aliyesikia fisi." Tangu hapo ukaitwa hivyo: ng'ombe aliyesikia fisi. Na akaufanya vizuri kuliko mimi.

Kabla ya kuondoka nilirekodi sauti yangu, dakika kumi na mbili, nikaiweka kwenye kadi ya kitochi chake. Video ikawa imeisha kazi.

Kiuno hakijapona chote. Ila sasa anainuka kitandani bila kushika ukuta, na hilo nimeambiwa na shemeji, si yeye. Yeye wiki iliyopita alinipigia kwa malalamiko.

"Dakika ya tisa unaongea haraka, mwanangu. Mimi bado niko chini, wewe umeshasimama. Rekodi tena."

Nimerekodi tena jana usiku. Nimeisikiliza nimefumba macho, nikiwa nimepiga magoti sakafuni, na dakika ya tisa bado naiona ina haraka.