Kicheko na Kibarua cha Mhadhiri: Filamu ya Lucky Jim (1957) kama Chanzo cha Historia ya Ajira Vyuoni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaichunguza filamu ya vichekesho kama chanzo cha historia ya ajira. Filamu hiyo ni Lucky Jim, iliyoongozwa na John Boulting nchini Uingereza mwaka 1957 kutokana na riwaya ya Kingsley Amis ya mwaka 1954. Hoja yetu ni kwamba kicheko chake kimejengwa juu ya jambo zito, nalo ni kazi ya msomi kutegemea hisani ya mtu mmoja. Jambo hilo lina uzito wa pekee likitazamwa kutoka Kabingo, kati ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara.

2.0 Mhadhiri katika Muda wa Majaribio

Jim Dixon, anayeigizwa na Ian Carmichael, hufundisha historia katika chuo kikuu cha mkoani. Yumo katika muda wa majaribio, na hatima yake imo mikononi mwa Profesa Welch, mkuu wa idara. Kwa hiyo anavumilia mialiko ya nyumbani kwa profesa na kukubali kutoa mhadhara wa hadhara juu ya mada anayoidharau moyoni. Hata mapenzi yamefungwa humo humo: Margaret ni mhadhiri mwenzake aliye karibu na familia ya Welch, na Christine ni mpenzi wa mtoto wa profesa. Kila uamuzi wa moyo unautishia mshahara.

Amis aliyafahamu mazingira hayo, kwani alianza kufundisha Swansea mwaka 1949. Mwaka huohuo Makerere ilikuwa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, uhusiano uliodumu hadi kuundwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963. Idara, vyeo na mamlaka ya profesa vilifuata mfano wa Uingereza. Chuo kinachochekwa katika filamu ni jamaa wa vyuo vyetu.

3.0 Kutoka Fadhila hadi Utaratibu

Katika hadithi, Dixon anatoa mhadhara akiwa amelewa na kupoteza kazi. Kisha tajiri Gore-Urquhart, mjomba wa Christine, anampa nyingine London. Msomaji hufurahi, lakini mwanahistoria hana budi kuuliza ni nini kilichobadilika. Idara imebaki ilivyokuwa. Dixon amehama tu kutoka kwa mwenye fadhila mmoja hadi mwingine. Margaret, ambaye naye ni mhadhiri, hakupata mjomba.

Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara mwaka 1989. Msomi aliyekimbia Kongo au Burundi akiwa na vyeti vya Kifaransa hukabiliwa na suala la ulinganifu wa vyeti na la lugha kabla hata ya usaili. Pasipo utaratibu ulio wazi, naye hulazimika kutafuta mjomba. Azimio la Djibouti la mwaka 2017, ambalo Uganda ilishiriki ikiwa mwanachama wa IGAD, liliweka msingi wa kuwaingiza wakimbizi katika mifumo ya elimu ya taifa.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza vigezo vya kulinganisha vyeti na kuthibitisha wahadhiri viandikwe na kutangazwa. Uamuzi utolewe na jopo, si mtu mmoja. Na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa. Bahati ya Jim hufaa kumaliza hadithi, lakini haiwezi kuwa sera ya ajira.