Kodi Iliyofika Hadi Jikoni: Ugiriki katika Miaka ya Deni

Mwezi wa Julai 2010 nchi mbili zilizo mbali sana moja na nyingine zilikuwa na hesabu nzito mbele ya wakopeshaji. Sisi Wakongo tulitangaziwa kwamba tumefika mwisho wa safari ndefu ya nchi maskini zenye madeni makubwa, na deni la zaidi ya dola bilioni 12, ambalo sehemu yake kubwa lilikuwa urithi wa enzi za Zaire, likaondolewa mabegani mwetu. Ugiriki ndiyo kwanza ilikuwa inaingia katika mlango tuliokuwa tunatokea. Tarehe 2 Mei mwaka huo ilikuwa imekubali mkopo wa yuro bilioni 110 kutoka kwa nchi wenzake wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, lile tulilozoea kuliita FMI. Tarehe 1 Julai kodi ya ongezeko la thamani, yaani TVA, ikapandishwa huko hadi asilimia 23. Miezi minne tu kabla yake ilikuwa asilimia 19.

Mwezi wa Agosti mwaka uleule, hapa kwetu, sheria ya kuanzisha TVA ilitiwa sahihi, nayo ikaanza kutozwa Januari 2012 kwa asilimia 16. Wengi wetu tunakumbuka malalamiko ya sokoni siku zile. Kwa sababu hiyo yaliyowapata Wagiriki si habari ya wageni tu. Yanatuonyesha jinsi kodi ya aina hii inavyofanya kazi inapowekwa kwa haraka na serikali inayodaiwa.

Chanzo cha deni lao hakikuwa fumbo. Ugiriki iliingia katika sarafu ya yuro mwaka 2001, na tangu hapo ikaweza kukopa kwa riba ndogo kama nchi tajiri. Serikali zilizofuatana zilikopa, na takwimu zilizopelekwa Ulaya zikapambwa. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2009 serikali mpya ya George Papandreou ilifungua vitabu na kusema kwamba pengo la bajeti lilikuwa zaidi ya asilimia 12 ya pato la taifa, si kama ilivyokuwa ikidaiwa. Hesabu za baadaye zilipita asilimia 15. Wakopeshaji wakakimbia. Tarehe 23 Aprili 2010 Papandreou, akiwa katika kisiwa kidogo cha Kastellorizo, alilitangazia taifa kwamba anaomba msaada.

Wazee wetu wanakumbuka dawa waliyonyweshwa Zaire mwaka 1983, wakati thamani ya sarafu iliposhushwa kwa mkupuo mmoja na mshahara wa mwezi ukawa haufiki popote. Ugiriki haikuwa na sarafu yake ya kushusha. Basi kilichoshushwa kilikuwa mishahara na pensheni zenyewe, na kilichopandishwa kilikuwa kodi. Mwezi wa Februari 2012 kima cha chini cha mshahara kilikatwa kwa asilimia 22, na kwa vijana chini ya miaka 25 kwa asilimia 32.

Kwa nini TVA ilitangulia? Kwa sababu hukusanywa upesi. Kodi ya mapato hudai serikali ijue nani ana nini, nayo serikali ya Ugiriki ilikuwa imeshindwa kwa muda mrefu kuwafikia madaktari na mawakili waliojitangaza maskini, sembuse wenye meli ambao nafuu zao zinalindwa hata na katiba. Mama anunuaye mkate na sabuni hahitaji kutafutwa. Amesimama mbele ya muuzaji, na kodi imo tayari katika bei. Kodi hiyo haimwulizi kama ana kazi. Tajiri hulipa asilimia ileile, lakini yeye hali mapato yake yote, na maskini huyala yote.

Habari inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingine zote ni ile ya mafuta ya kupashia nyumba joto. Ugiriki tunaifikiria kuwa nchi ya jua na bahari, lakini kaskazini yake theluji huanguka, na hata Athene baridi ya Januari huingia mifupani. Majengo mengi ya mijini yana tanuru moja la mafuta chini ya jengo, na wakaaji wote huchanga gharama. Mafuta hayo ni karibu sawa na yale yanayoendesha malori, lakini kodi yake ilikuwa ndogo sana. Wafanyabiashara wadanganyifu walinunua mafuta ya majumbani na kuyauza kwa bei ya mafuta ya magari, na serikali ikapoteza fedha nyingi. Wakopeshaji wakadai mwanya huo uzibwe.

Mwanya ungeweza kuzibwa kwa kuwakamata wadanganyifu. Ilichaguliwa njia iliyokuwa rahisi zaidi. Mwezi wa Oktoba 2012 kodi za mafuta ya aina mbili zilisawazishwa: ya magari ilishushwa, na ya majumbani ikapandishwa kutoka yuro 60 hadi yuro 330 kwa kila lita 1,000. Katika jengo lenye familia kumi, zilipokosa kuchanga familia nne au tano, tanuru lilizimika kwa wote. Mauzo ya mafuta hayo yalianguka kwa zaidi ya nusu katika majira yale ya baridi, na hazina haikuona fedha ilizotarajia.

Watu hawakuacha kusikia baridi kwa sababu mafuta yamepanda. Walichoma kuni, na waliokosa kuni walichoma samani za zamani na mbao zilizopakwa rangi. Moshi ulitanda juu ya Athene na juu ya Thesalonike, mji ule ambao mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wake barua mbili. Miti ilikatwa usiku katika misitu ya milimani. Sisi tunaoona misitu ikiisha kandokando ya miji yetu kwa ajili ya makaa twaelewa bila kuelezwa. Mwezi wa Desemba 2013, katika nyumba moja ya Thesalonike iliyokuwa imekatiwa umeme, msichana wa miaka 13 alikufa kwa hewa ya sumu ya makaa yaliyowashwa ndani ili kupata joto. Hatari hiyo yajulikana kwa kila mzazi wa Kongo aliyewahi kulala na mbabula chumbani. Katika nchi ya Umoja wa Ulaya hakuna aliyekuwa ameitarajia. Kodi hiyo ilipunguzwa mwaka 2014 hadi yuro 230.

Oktoba ileile ya 2012 ilikuwa na habari nyingine, na twaona vema kuziweka pamoja. Miaka miwili kabla yake, Ufaransa, kupitia Christine Lagarde aliyekuwa waziri wake wa fedha, ilikuwa imeipa serikali ya Ugiriki orodha ya Wagiriki takriban 2,000 wenye akaunti katika benki moja ya Geneva. Kuwa na akaunti si kosa, lakini orodha ile ilikuwa mwanzo mzuri kwa yeyote aliyetaka kujua nani amekwepa kodi. Ilikaa bila kufanyiwa kazi. Mwandishi wa habari Kostas Vaxevanis alipoichapisha katika gazeti lake, aliyekamatwa haraka alikuwa yeye. Mahakama ilimwachilia huru. Ni vigumu kuamini kwamba serikali hiyohiyo, iliyokosa nguvu ya kuchunguza majina 2,000, ilipata nguvu ya kutoza kila tanuru la nchi.

Umeme nao ulitumiwa. Tangu Septemba 2011 kodi mpya ya nyumba iliandikwa ndani ya ankara ya umeme, na asiyelipa alitishiwa kukatiwa. Watu waliipa jina la utani *haratsi*, kwa kumbukumbu ya kodi ambayo sultani wa Waturuki aliwatoza mababu zao Wakristo. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya utawala iliamua kwamba kumkatia mtu umeme kwa sababu ya kodi si halali.

Je, dawa ilifanya kazi? Pengo la bajeti lilizibwa, hilo lazima likubaliwe, na nchi haikutoka katika yuro. Lakini uchumi ulipungua kwa karibu robo nzima, na mwaka 2013 zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wanaotafuta kazi hakuwa nayo. Kwa vijana ilikuwa zaidi ya nusu. Deni lililokuwa karibu asilimia 127 ya pato la taifa mwaka 2009 lilikaribia asilimia 180 mwaka 2014, ijapokuwa wakopeshaji binafsi walikuwa wamesamehe zaidi ya nusu ya walichodai mwezi wa Machi 2012. Pato likisinyaa, hata deni lisiloongezeka huonekana kukua. Mwezi wa Januari 2013 wachumi wawili wa FMI yenyewe, Olivier Blanchard na Daniel Leigh, walionyesha kwamba makadirio yalikosea: ilidhaniwa kila yuro moja ya kubana matumizi ingeupunguza uchumi kwa nusu yuro hivi, kumbe ilikuwa karibu yuro moja au zaidi. Wakati huo majira ya baridi yalikuwa yameshaanza.

Wananchi walijisaidia kama walivyoweza. Parokia za Kiorthodoksi zilipika chakula kwa maelfu kila siku, na mwezi wa Februari 2012 Askofu Mkuu Ieronymos wa Athene alimwandikia waziri mkuu barua kumwambia kwamba uvumilivu wa watu umefika mwisho. Mwaka huohuo wakulima wa kaskazini walianza kuuza viazi moja kwa moja kwa wakaaji wa miji, bila walanguzi, na foleni za malori yao zikawa habari ya nchi nzima.

Tarehe 5 Julai 2015 Wagiriki waliulizwa kwa kura kama wanakubali masharti mapya. Zaidi ya asilimia 61 walisema hapana. Benki zilikuwa zimefungwa, na mtu aliweza kutoa yuro 60 tu kwa siku. Juma moja baadaye serikali yao ilikubali masharti yaliyofanana na yale yaliyokataliwa. Tarehe 20 Julai benki zikafunguliwa, na siku hiyohiyo TVA ya vyakula vingi vya viwandani na ya chakula cha mikahawani ikapanda kutoka asilimia 13 hadi 23. Mwaka uliofuata kiwango cha juu kilifika 24. Mpango wa mwisho wa mikopo ulimalizika tarehe 20 Agosti 2018 na wakaguzi wakarudi kwao. Ile asilimia 24 ilibaki.