Mirengu ya Ngalawa

Mhariri aliponitaka niandike jambo la historia, bila shaka alitazamia habari za mabweni yetu na kengele ya alfajiri. Anisamehe. Mimi nitaandika juu ya ngalawa, kwa sababu nyuma ya daftari langu la Jiografia la Kidato cha Tatu imo picha ya chombo nilichokusudia kukiunda kwa mikono yangu na kukiongoza mwenyewe kutoka Pangani hadi Unguja. Wenzangu wa bweni (wengine mnasoma haya) mlinicheka. Chombo cha wavuvi maskini, mlisema; msomi hupanda meli.

Hatukujua tulichokuwa tukikicheka. Ngalawa ni gogo moja, aghalabu la mwembe, lililochongwa kwa shoka na tezo. Ni nyembamba mno, na ikitwekwa tanga bila msaada hupinduka mara moja. Inayoisimamisha ni mirengu, yaani mbao mbili, moja kila ubavu, zilizofungwa kwenye miti inayokikatiza chombo. Upepo ukikilaza upande mmoja, mrengu wa upande ule hukanyaga maji na kukirudisha. Ndiyo maana ngalawa haihitaji farumi ya mawe, na hupita juu ya miamba penye maji ya magoti.

Mirengu huonekana pia Komoro, Bukini, Indonesia, hata visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1951 Mnorwe Otto Dahl alionyesha kwamba Kimalagasi kina undugu wa karibu na lugha ya Wamaanyan wa kusini mwa Borneo. Wazee wa lugha hiyo walivuka Bahari ya Hindi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na wataalamu wengi huamini kwamba mrengu ulifika kwetu kwa njia hiyo. (Mwembe nao asili yake ni Asia.) Darasani sisi tulikariri Vasco da Gama, 1498, basi.

Huko Uingereza kijana James Wharram alisoma kitabu cha Mfaransa Éric de Bisschop, aliyeunda mashua ya matumbo mawili huko Hawaii na kuifikisha Ufaransa mwaka 1938 kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Wharram naye akaunda yake, Tangaroa, urefu futi 23 na inchi 6 tu. Akavuka Atlantiki pamoja na mabinti wawili wa Kijerumani. Mwaka 1959, kwa chombo chao kikubwa zaidi, Rongo, walirudi kutoka New York hadi Ireland. Hakuwa tajiri, alichora ramani za vyombo ambavyo mtu wa kawaida angeweza kujiundia. Habari zake nilizisoma nikiwa Chuo Kikuu, nikaona haya.

Haya hiyo haikuniondoa mezani. Nimepitisha miaka zaidi ya ishirini nikiandika kumbukumbu za vikao. Mwaka jana hatimaye nilinunua gogo. Limelala nyuma ya nyumba ya baba mdogo, Pangani, tumbo lake limechimbwa robo. Yeye ndiye fundi, na macho yake yanapungua. Siku hizi hupima unene wa ubao kwa kuugonga na kusikiliza. Likizo yangu ni siku 28. Nimekwisha kuiomba, na safari hii sitaiahirisha kwa ajili ya kikao chochote.