Roman Abramovich, bilionea aliyekuwa gavana wa Chukotka

Chukotka ni jimbo la Urusi lililo katika ncha ya kaskazini-mashariki ya Asia, likitazamana na Alaska ng'ambo ya Mlango-Bahari wa Bering. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 700,000, ilhali wakazi wake hawafiki 50,000. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000 hadi 2008 liliongozwa na Roman Abramovich, bilionea anayefahamika zaidi duniani kwa kuwahi kuimiliki klabu ya soka ya Chelsea hadi mwaka 2022.

Abramovich alizaliwa mjini Saratov mwaka 1966. Alifiwa na wazazi wake angali mtoto, akalelewa na jamaa zake, kwanza Ukhta, mji wa kaskazini katika Jamhuri ya Komi. Katika miaka ya 1990 alitajirika kwa biashara ya mafuta. Desemba 1999 alichaguliwa kuwa mbunge wa Chukotka katika bunge la Urusi, Duma. Mwaka mmoja baadaye alishinda ugavana kwa zaidi ya asilimia 90 ya kura.

Alilipokea jimbo likiwa taabani. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, misaada ya serikali kuu ilipungua, mishahara ikachelewa, na Wachukchi wanaofuga kulungu wa kaskazini wakapoteza sehemu kubwa ya mifugo yao. Idadi ya watu ilishuka kutoka takriban 164,000 mwaka 1989 hadi 54,000 mwaka 2002.

Gavana huyo alitumia fedha zake binafsi kujenga shule, hospitali na nyumba. Aidha, kampuni zenye uhusiano na Sibneft, kampuni yake ya mafuta, zilisajiliwa Chukotka na kulipa kodi huko. Wakosoaji walihoji nafuu ya kodi ambayo kampuni hizo zilipewa, na pia hatari ya bajeti ya jimbo zima kutegemea mfuko wa mtu mmoja. Mwaka 2005 Sibneft iliuzwa kwa Gazprom, shirika la serikali.

Mwaka huohuo Rais Vladimir Putin alimpendekeza kwa muhula wa pili, kwa kuwa uchaguzi wa magavana ulikuwa umefutwa. Alijiuzulu Julai 2008, kisha akawa spika wa bunge la jimbo hadi 2013, sheria mpya ilipowakataza viongozi wa umma kuwa na akaunti za benki nje ya nchi.

Majengo aliyoyaacha yangali yakitumika. Waliohama, hata hivyo, wengi wao hawakurejea.