Mfoko wa Shimo Jeusi

Mwaka 1918, katika kituo cha kuchunguzia anga cha Lick kule California, mwanaastronomia Heber Curtis aliona kwenye picha ya galaksi ya M87 mstari wa mwanga, mwembamba na ulionyooka, ukianzia katikati. Wanaastronomia waliokuja baadaye waliuita jeti, na jina hilo likashika.

Kwa Kiswahili, jeti imekwisha kuchukuliwa na ndege. Mkondo ni wa bahari, wa mto na wa umeme. Ni mpana mno na mpole mno. Mchirizi ni mwembamba vya kutosha, ila huteremka taratibu. Mimi nachagua mfoko, kutoka kitenzi kufoka. Maji yakifoka kwenye bomba lililopasuka hutoka kwa nguvu, hushika upande mmoja, na hayakomi maadamu msukumo upo. Sifa zote tatu tunazihitaji. Wingi wake ni mifoko, na mhariri awe macho isije ikachapwa mifuko.

Kinachofoka ni plazima, yaani gesi ambayo atomi zake zimepokonywa elektroni. Elektroni hizo, zikienda karibu kwa kasi ya mwanga, hujizungusha kwenye nyuzi za usumaku na kutoa mawimbi ya redio. Ndiyo sababu darubini za redio ndizo zilizotufundisha mengi kuhusu mifoko. Ule wa M87 unaenea kwa takriban miaka ya mwanga 5,000.

Sasa tufike penye ugumu. Mfoko huo huanzia kwenye shimo jeusi lililo katikati ya M87. Shimo jeusi halirudishi kilichoingia, hata mwanga; mfoko basi watoka wapi? Gesi inayolizunguka shimo kabla ya kumezwa huburuta usumaku pamoja nayo. Shimo lenyewe nalo linazunguka, likiusokota usumaku huo, na plazima iliyo nje ya mpaka wa kutorudi husukumwa kwenda mbali. Mwaka 1977 Roger Blandford na Roman Znajek walionyesha kwa hesabu kwamba nishati ya mzunguko wa shimo inaweza kuvunwa kwa njia hii.

Kwa hiyo mwandishi asiandike kwamba mfoko unatoka ndani ya shimo. Lugha yetu imetupa ngeli za mahali, nazo zinatenganisha jambo hili kwa usahihi ambao lugha nyingi za sayansi hazina: mfoko hutoka shimoni pale, hautoki shimoni mle. Nimesoma habari nyingi zilizolikosea hili, na kila mara msomaji ndiye anayebaki na picha potofu.

Wanaoifuatilia mifoko hii kwa miaka mingi ni pamoja na watafiti wa baada ya uzamivu: wamemaliza shahada ya uzamivu, wamepewa mkataba wa muda kwenye mradi, bado hawajapata ajira ya kudumu. Cui Yuzhu alikuwa katika nafasi hiyo kwenye Maabara ya Zhejiang, China, alipoongoza uchunguzi uliochapishwa na jarida la Nature mwezi Septemba 2023. Timu yake ilikusanya takwimu za M87 za kuanzia 2000 hadi 2022, zilizopatikana kwa kuunganisha darubini za redio zilizo mbalimbali. Kadiri zinavyoachana ndivyo picha inavyokuwa kali. Kwa mbinu hiyohiyo, tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilionyeshwa duara la mwanga kandokando ya shimo la M87, ambalo uzito wake ni mara bilioni 6.5 ya Jua. Mfoko haukuonekana katika picha ile.

Katika takwimu za miaka 22, mwelekeo wa mfoko ulionekana ukihama taratibu na kurudi, kwa upana wa takriban nyuzi 10, kila baada ya miaka 11 hivi. Mwendo huo nauita kuyumba. Maelezo ya timu ni kwamba gesi inayolizunguka shimo, iliyotandaa kama sahani, imeinama ikilinganishwa na mhimili wa shimo, na shimo linalozunguka huburuta anga-wakati yenyewe, yaani anga na wakati kwa pamoja, hivyo sahani na mfoko vikayumba pamoja. Shimo lisilozunguka lisingeweza kufanya hivyo.