Kabla ya kuongeza sauti, jaribu kupunguza

MWIMBAJI anapolalamika kwamba maneno yake hayasikiki katika wimbo, prodyusa chipukizi huharakisha kumwongezea sauti. Punde gitaa nalo huonekana limefifia, likaongezwa. Kisha besi, kisha ngoma. Mwishowe kila kitu kimepanda, mita zinawaka nyekundu, na maneno bado hayasikiki.

Kasoro hapo mara nyingi si uchache wa sauti bali msongamano wake. Sikio la binadamu hunasa masafa ya takriban hezi 20 hadi 20,000, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ila waimbaji na ala nyingi hurundikana katika eneo lile lile la katikati. Sauti mbili zinapogombea eneo moja, yenye nguvu huifunika nyingine. Kwa sababu hiyo, mafundi wengi hutumia ikwalaiza kushusha masafa yanayozidi kabla ya kupandisha yanayopungua.

Chukua mfano wa benga, ambapo gitaa la solo hufuata lahani ya mwimbaji kwa ukaribu. Ukiliondolea gitaa hilo desibeli mbili au tatu kati ya hezi 2,000 na 4,000, mahali ambapo konsonanti nyingi hubainika, maneno huweza kujitokeza bila mwimbaji kuongezwa chochote.

Sauti ya mwimbaji nayo husafishwa. Chini ya hezi 80 aghalabu haina kitu ila vishindo vya miguu, pumzi na ngurumo za magari barabarani. Kichujio huyaondoa hayo yote. Mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 pia hupungua, japo mwangwi wake wa hezi 100 na 150 hubaki. (Huo dawa yake ni kukagua nyaya, si ikwalaiza.) Aidha, katika vyumba vidogo vilivyogeuzwa studio, sauti huvimba kati ya hezi 200 na 500, ikawa kana kwamba inatoka ndani ya pipa.

Ili kuipata kero, fundi hupandisha mkanda mwembamba wa masafa, akausogeza polepole hadi kero izidi, kisha akaushusha. Hata hivyo, awe ameisikia kero hiyo kwanza, kwani masafa yoyote yakipandishwa kupita kiasi huudhi. Isitoshe, asiisikilize ala ikiwa peke yake, bali pamoja na nyingine zote. Na anapolinganisha kabla na baada, viwango vya sauti viwe sawa, maana sikio hudanganyika kuwa chenye kelele zaidi ndicho bora.

Wapo wanaodai kuwa kuongeza huharibu sauti kwa asili yake. Wanatia chumvi. Ikwalaiza ya kawaida hubadilisha sauti kwa namna ile ile ikipanda au ikishuka. Tofauti ni nafasi: kuongeza desibeli 6 hurudufisha ukubwa wa wimbi katika masafa hayo, na faili ya kawaida ya kidijitali haihifadhi chochote kinachovuka desibeli 0. Kilele hukatwa, na wimbo hukwaruza.