Kinshasa 1974: Mgeni Alikuja, Mwenyeji Alipona?

Kila bango la tamasha kubwa likitoka, ugomvi ni uleule. Kwa nini jina la fulani limeandikwa juu kwa herufi kubwa, na la fulani limebanwa kule chini? Wapo wanaosema hizo ni kelele za mashabiki tu. Mimi naona ni swali la historia, na ushahidi uko Kinshasa.

Septemba 1974, Hugh Masekela wa Afrika Kusini na Mmarekani Stewart Levine waliandaa tamasha la siku tatu, Zaire 74, tarehe 22 hadi 24. Lilipangwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, na muziki ukapigwa bila ngumi.

Majina yaliyovuma duniani tunayajua: James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All-Stars. Lakini jukwaa hilohilo walipanda Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti Masikini na Miriam Makeba. Sasa niambie, nani hapo alihitaji kutambulishwa kwa watu wa Kinshasa? OK Jazz ilikuwepo tangu 1956, na rumba ya Kongo ilishazoeleka hadi kwenye redio na kumbi za Dar es Salaam na Nairobi.

Tusiwaonee waandaaji. Kamera zilikuja kwa ajili ya Ali na Wamarekani, na ndizo zilizomnasa Franco. Na kwa wasanii weusi wa Marekani, safari ile haikuwa kazi ya kawaida. Walikuwa wanakanyaga bara la babu zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema.

Je, mwenyeji alipona? Fuata kanda. Filamu ya pambano, When We Were Kings, ilitoka 1996 na kushinda Oscar. Filamu ya tamasha lenyewe, Soul Power, ilitoka 2008, na sehemu kubwa yake ni ya wageni. Albamu ya wasanii wa Afrika ilisubiri hadi 2017. Miaka 43! Franco alishafariki 1989, Abeti 1994, Makeba 2008, Tabu Ley 2013. Kati ya hao wanne, hakuna hata mmoja aliyeisikia.

Ndiyo maana mabishano ya bango siyadharau. Jina la juu huvuta kamera, kamera huvuta pesa, na pesa ndiyo huamua kanda ipi itoke kabatini kwanza. Basi tukimleta nyota wa ng'ambo, na aje, tumshangilie. Ila kabla hajapanda jukwaani, tuulize mkataba unasemaje kuhusu rekodi ya yule atakayepiga saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa bado wanaingia getini.